Gari la Zamani, Gesi Mpya: Kubadili Kiyoyozi kutoka R-12 hadi R-134a

Gari lililoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990, kama lilikuwa na kiyoyozi, aghalabu lilitoka kiwandani likiwa limejazwa gesi iitwayo R-12. Uundaji wa gesi hiyo kwa ajili ya viyoyozi umekwisha komeshwa duniani, na inayotiwa badala yake katika magari ya umri huo ni nyingine, R-134a. Basi mwenye gari la zamani ambaye kiyoyozi chake kimeanza kupuliza hewa ya vuguvugu hukutana na njia mbili. Ya kwanza ni nyepesi: fundi huunganisha mkebe wa gesi mpya juu ya mabaki ya ile ya zamani, na baada ya muda mfupi gari huondoka likipuliza baridi. Ya pili huchukua saa nyingi, hudai vipuri na oili ya aina nyingine, na gharama yake ni kubwa zaidi. Siku ya kazi magari yote mawili hupoza. Tofauti hujitokeza baada ya majuma au miezi, pale kompresa ya gari la kwanza inapoanza kulia, kisha ikakwama, na mwenye gari akaambiwa kwamba sasa hana budi kununua karibu kiyoyozi kizima.

Sababu za mkasa huo zote zimo katika fizikia na kemia ya sekondari. Kwa hiyo gari bovu lililoegeshwa nyuma ya shule laweza kuwa kifaa kizuri cha kufundishia, hata kama halitembei tena.

Joto huhamishwaje?

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kuchukua joto lililo ndani ya gari na kulitupa nje, na kinachobeba joto hilo ni kiowevu kinachochemka. Mwanafunzi ajuaye kwamba spiriti ikipakwa mkononi huacha ubaridi amekwisha jua nusu ya habari: kiowevu kinapogeuka mvuke huhitaji joto, nacho hulinyang'anya kitu kilicho karibu. Joto hili, ambalo hubadili hali ya kitu bila kupandisha halijoto yake, ndilo joto fiche. Nusu ya pili ni kwamba kiwango cha kuchemka hutegemea shinikizo. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili kwa bomba la sindano lisilotiwa sindano. Avute ndani maji ya moto kidogo ambayo hayachemki, aondoe hewa yote, azibe mdomo wa bomba kwa kidole, kisha avute mchi wake kwa nguvu. Maji yatachemka mbele ya macho ya wanafunzi pasipo moto wowote.

Katika gari, kompresa huzungushwa na injini kwa mkanda. Huvuta mvuke wa gesi na kuukandamiza, nao hutoka ukiwa na shinikizo kubwa na moto kuliko hewa ya nje. Mvuke huo huingia katika kondensa iliyopangwa mbele ya rejeta, hupoteza joto lake kwa upepo unaopita, na kugeuka kiowevu. Kiowevu hupita katika chupa yenye kikaushio, kisha hufika kwenye valvu ya kutanulia, ambayo kwa kweli ni tundu jembamba tu. Kikivuka tundu hilo shinikizo huanguka ghafla, kiowevu huanza kuchemka katika mabomba ya evapureta nyuma ya dashibodi, na joto la kukichemsha hutoka katika hewa ya abiria. Mvuke hurudi kwenye kompresa na safari huanza upya.

Kuna jambo moja linalotofautisha kiyoyozi cha gari na jokofu la nyumbani, nalo litarudi baadaye. Kompresa ya jokofu imefungiwa pamoja na mota yake ndani ya kopo la chuma lililochomelewa pande zote. Kompresa ya gari huendeshwa na ekseli inayopenya ukuta wake kutoka nje, na penye ekseli inayozunguka pana mpira wa kuzibia, na penye mpira pana uvujaji. Ongeza mitikisiko ya barabara, na itafahamika kwa nini jokofu laweza kuishi miaka 20 bila kuongezwa gesi, ilhali gari mara nyingi haliwezi.

Sifa na aibu ya R-12

Majokofu ya mwanzo yalitumia amonia, dioksidi ya salfa au kloridi ya methili, na zote ni sumu. Uvujaji wa usiku mmoja uliweza kuua watu wa nyumba nzima. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake, wakifanya utafiti kwa ajili ya kampuni ya General Motors ya Marekani, walipata diklorodifloromethani: atomu moja ya kaboni iliyozungukwa na atomu mbili za klorini na mbili za florini. Mwaka 1930 Midgley alivuta pumzi ya gesi hiyo mbele ya wanakemia wenzake, kisha akaitoa polepole juu ya mshumaa, ukazimika. Kwa tendo hilo moja alionyesha kwamba haiui na haiwaki. (Wanafunzi wasiige: gesi hiyo hufukuza oksijeni mapafuni.) Ndiyo iliyopewa jina la R-12.

Uthabiti wake ndio uliokuwa sifa yake kubwa, na ndio uliogeuka kuwa aibu yake. Gesi isiyoungana na kitu chochote hapa chini haina pa kuishia. Hudumu angani kwa miaka ipatayo 100, na kidogo kidogo hupanda hadi tabaka la ozoni. Huko miali ya urujuanimno huivunja na kuziachia huru atomu za klorini. Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza mwaka 1974 kwamba klorini hiyo huivunja ozoni huku yenyewe ikibaki nzima, tayari kuanza tena. Hukadiriwa kwamba atomu moja yaweza kuharibu molekuli za ozoni kufikia 100,000 kabla ya kunaswa na kemikali nyingine. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza waliokuwa wakipima anga juu ya Antaktika walitangaza kwamba ozoni ya huko hupungua mno kila majira ya kuchipua. Itifaki ya Montreal ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987. Kenya na Uganda zilijiunga nayo mwaka 1988, Tanzania mwaka 1993. Nchi zilizoendelea zilifunga mlango wa R-12 mpya mwishoni mwa 1995, na nchi zinazoendelea tarehe 1 Januari 2010.

R-134a, yaani tetrafloroethani, ina atomu mbili za kaboni, mbili za hidrojeni na nne za florini. Haina klorini hata kidogo, kwa hiyo haiigusi ozoni. Isitoshe, vifungo vyake vya hidrojeni hushambuliwa kwa urahisi zaidi katika hewa ya chini, na maisha yake angani ni miaka 14 hivi.

Tarakimu zinasemaje?

Mtu aweza kuuliza kama kompresa iliyoundwa kwa R-12 itaweza kuisukuma R-134a hata kidogo. Jibu limo katika majedwali ya gesi hizo mbili. Kompresa ni pampu ya ujazo: kila mzunguko mmoja huvuta ujazo uleule wa mvuke, uwe mzito au mwepesi. Basi kinachotakiwa kulinganishwa ni joto linalobebwa na kila mita moja ya ujazo wa mvuke.

Kwenye nyuzi 0 za Sentigredi, joto fiche la R-12 ni kilojuli 151 hivi kwa kilo moja, na mita moja ya ujazo ya mvuke wake ina uzito wa kilo 18 hivi. Kwa R-134a, joto fiche ni kilojuli 199 kwa kilo, lakini mvuke wake ni mwepesi, kilo 14.4 tu kwa mita ya ujazo. Mwanafunzi akizidisha atapata kilojuli 2,720 hivi kwa gesi ya zamani na 2,870 hivi kwa mpya. Tofauti haifiki hata asilimia 6. Kama wanakemia wangalipata gesi ambayo tarakimu hizi zimeachana mno, kila kompresa ya zamani ingalitupwa, na suala la kubadili lisingalikuwapo.

Shida huanza upande wa joto. Hapa chini ni shinikizo halisi ambalo kila gesi huwa nalo inapochemka kwenye halijoto iliyotajwa:

Nyuzi −20: R-12, kilopaskali 151, R-134a, kilopaskali 133.
Nyuzi 0: R-12, kilopaskali 309; R-134a, kilopaskali 293.
Nyuzi 20: R-12, kilopaskali 567, R-134a, kilopaskali 572.
Nyuzi 40: R-12, kilopaskali 961, R-134a, kilopaskali 1,017.
Nyuzi 60: R-12, kilopaskali 1,526, R-134a, kilopaskali 1,682.

Mwanafunzi azichore namba hizi kwenye karatasi ya grafu. Ataona mistari miwili inayokatana kabla kidogo ya nyuzi 20. Chini ya hapo gesi mpya ina shinikizo dogo kuliko ya zamani. Juu ya hapo ina kubwa zaidi, na kadiri joto linavyopanda ndivyo mistari inavyozidi kuachana. Maana yake ni kwamba R-134a huilazimisha kompresa kuvuta kutoka chini zaidi na kusukuma hadi juu zaidi. Evapureta ikiwa kwenye nyuzi 0 na kondensa kwenye nyuzi 60, kompresa yenye R-12 hukuza shinikizo mara 4.9; yenye R-134a, mara 5.7.

Nyuzi 60 si namba ya darasani tu. Gari lililokwama katika foleni ya Dar es Salaam saa nane mchana, mwezi wa Februari, halipati upepo wa mwendo. Hupata ule wa feni peke yake, na upepo huo wenyewe umechanganyika na joto la lami na la injini za magari ya jirani. Hapo ndipo kiyoyozi kilichobadiliwa huonekana kushindwa kidogo na kilivyokuwa awali. Kwa sababu hiyo kondensa yapaswa kuoshwa vumbi na wadudu, mapezi yake yaliyolala yanyoshwe, feni ipulize kwa nguvu zake zote, na kama gari halina swichi ya kuizima kompresa shinikizo likizidi kiasi, itiwe. Feni ya pili ya umeme, pale inapoweza kufungwa, ina faida kubwa kuliko gramu yoyote ya gesi ya ziada.

Oili

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, na ndipo wengi wanapokosea.

Injini ina karta yake ya oili na pampu ya kuisambaza. Kompresa nyingi za magari hazina mpango kama huo unaojitegemea. Hutegemea oili inayosafiri pamoja na gesi katika mzunguko wote na kurudi. R-12 na oili ya madini humumunyika pamoja vizuri. Kiowevu kilipopita katika kondensa kiliichukua oili, kikaipitisha katika valvu na evapureta, na hatimaye kuirudisha kwenye pistoni. Klorini ilisaidia kwa namna nyingine pia: iliungana kidogo na nyuso za metali zinazosuguana na kufanya utando mwembamba wa kloridi uliopunguza ulikaji. Atomu ileile iliyokuwa ikiharibu anga ilikuwa ikilinda vyuma vya kompresa. Kuiondoa kulikuwa lazima, lakini kulikuwa na bei yake.

R-134a haimumunyiki katika oili ya madini. Mwalimu aweza kuonyesha tabia hii kwa gilasi mbili. Ya kwanza itiwe mafuta ya kupikia na mafuta ya taa, ya pili mafuta ya kupikia na maji, kisha zote zikorogwe, mbali na moto. Katika ya kwanza patakuwa na kiowevu kimoja. Katika ya pili, baada ya dakika chache, patakuwa na matabaka mawili. Ndivyo inavyokuwa ndani ya kiyoyozi kilichotiliwa gesi mpya juu ya oili ya zamani. Oili huachwa njiani. Hujikusanya chini ya evapureta na katika mabonde ya mabomba, nayo kompresa hubaki ikizunguka karibu kavu. Kiyoyozi hupoza vizuri kwa muda kwa sababu kupoza ni kazi ya gesi, si ya oili. Kisha alumini huanza kusagana. Unga wake husafiri hadi kwenye kondensa na kuziba tundu la valvu, na hivyo uharibifu wa sehemu moja huenea kote.

Oili zinazopatana na R-134a ni za jamii mbili. Moja ni poliglikoli, ifahamikayo kwa herufi PAG, inayotumika katika magari mengi yaliyoundwa kwa R-134a. Nyingine ni ya esta, iitwayo POE. PAG hulainisha vizuri sana, lakini masalia ya klorini yaliyobaki katika mabomba ya zamani huiharibu. Esta huvumilia masalia hayo zaidi, na kwa sababu hiyo mafundi wengi huichagua kwa kazi ya kubadili. Hata hivyo muundaji wa kompresa akitaja oili fulani, neno lake litangulie.

Zote mbili zina tamaa ya maji, na PAG ndiyo iliyozidi. Mkebe ukiachwa wazi mezani katika hewa ya pwani, oili hunywa unyevu hadi ikawa haifai. Kwa esta, madhara yake yafahamika kwa mwanafunzi yeyote aliyesoma kemia ogania: asidi na alkoholi zikiungana hutoa esta na maji, na mmenyuko huo hurudi nyuma. Maji na joto vikiingia katika oili ya esta, asidi hujitokeza tena ndani ya mabomba ya alumini na shaba. Kwa hiyo fundi anayenunua mkebe mdogo na kuutumia wote amefanya busara kuliko anayenunua mkubwa kwa bei nafuu na kuufunika kwa kitambaa.

Mipira na kikaushio

Molekuli ya R-134a ni ndogo kuliko ya R-12, na hupenya kwa urahisi zaidi kuta za mipira ya zamani ya naitraili. Mipira ya kisasa ina tabaka la nailoni ndani. Lakini haifuati kwamba kila mpira wa zamani lazima utupwe: ule uliotumika miaka mingi umekwisha kunywa oili ya madini katika kuta zake, na oili hiyohiyo ambayo R-134a haipatani nayo huizuia isipite. Mpira mzima, usio na nyufa, waweza kuachwa. Ulioanza kupasuka ubadilishwe, ambalo ni shauri la kawaida kwa gesi yoyote.

Pete za mpira kwenye maungio ni jambo lingine. Kila ungio linalofunguliwa lipate pete mpya ya aina inayostahimili gesi na oili mpya. Nyingi huwa na rangi ya kijani, ingawa rangi peke yake si ushahidi. Baadhi ya kompresa za zamani zina viziba vya mpira wa floro, ambao huvimba katika R-134a. Kompresa ya namna hiyo haifai kubadilishiwa gesi pasipo kubadilishwa viziba. Chupa ya kikaushio lazima ibadilishwe. Punje zilizotumika pamoja na R-12, zenye alama XH-5, hazipatani na gesi mpya na zaweza kumomonyoka. Zinazofaa ni XH-7 au XH-9.

Kazi yenyewe

Kwanza gesi ya zamani iondolewe kwa mashine ya kukusanyia na kutiwa katika mtungi wake. Kuifungulia hewani ni kuipeleka kulekule ilikokatazwa kwenda. Ni kweli kwamba magari mengi hufika gereji gesi ikiwa imekwisha toroka yote. Lakini pale ambapo geji zaonyesha kwamba imebaki, kilo moja iliyozuiwa ina maana. Tena isiachwe karibu na moto: R-12 ikipita katika mwali huzaa gesi kali za sumu, miongoni mwake fosijeni, ambayo ilitumiwa kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza.

Kisha oili ya zamani itolewe. Kompresa hufunguliwa kutoka mahali pake, hupinduliwa na kuzungushwa kwa mkono mpaka ikome kudondosha, na mabomba husafishwa kwa kiowevu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha kwa naitrojeni kavu. Si petroli. Kompresa iliyokwisha toa unga wa metali haina haja ya kusafishwa bali kubadilishwa, na kondensa yake pia, maana njia zake nyembamba hazitoki taka. Oili mpya hutiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwa kompresa hiyo.

Uvujaji upimwe kwa naitrojeni kavu. Oksijeni ya mtungi wa kuchomelea isikaribie kamwe, kwa kuwa ikikutana na oili chini ya shinikizo huweza kulipuka. Hewa ya kompresa ya gereji nayo isichanganywe na R-134a kwa ajili ya kupima: gesi hiyo haiwaki katika hali ya kawaida, lakini mchanganyiko wake na hewa nyingi chini ya shinikizo kubwa waweza kuwaka.

Baada ya hapo hewa na unyevu huvutwa kwa pampu ya vakyumu. Wengi hudhani pampu huyafyonza maji yaliyo ndani. La, huyachemsha, kama katika lile bomba la sindano. Kwenye nyuzi 30 maji huchemka shinikizo likishuka hadi kilopaskali 4.2, sawa na sentimeta 3.2 za zebaki. Hapa geji humdanganya asiyejua jiografia. Geji ya vakyumu hupima tofauti kati ya ndani na nje. Dar es Salaam, penye sentimeta 76 za zebaki, mshale utakaribia 76. Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje yenyewe ni sentimeta 62 tu, na hakuna pampu duniani itakayoupeleka mshale kupita hapo. Fundi wa Mbeya anayesubiri 76 atasubiri mpaka jua litue. Fundi wa Dar es Salaam anayeridhika na 62 ameacha ndani sentimeta 14, na kwa shinikizo hilo maji yaliyo kwenye nyuzi 30 hayachemki hata kidogo. Pampu ikiisha kufika mwisho wake iendelee kwa nusu saa au zaidi, kisha izimwe na mshale uangaliwe kama unarudi.

Kiasi cha gesi mpya hakilingani na cha zamani. Kwenye nyuzi 25 lita moja ya kiowevu cha R-12 ina uzito wa gramu 1,311, na ya R-134a gramu 1,207. Kwa ujazo uleule basi hutakiwa asilimia 92 ya uzito wa awali; na kwa kuwa shinikizo la juu ndilo adui, desturi ni kupunguza zaidi, kati ya asilimia 80 na 90. Kama kibandiko cha gari chasema gramu 1,000 za R-12, fundi huanza na 800 na kuongeza kidogo kidogo huku akitazama geji na kipimajoto kwenye matundu ya dashibodi. Asiongozwe na kioo cha kuchungulia kilicho juu ya chupa. Kwa R-12 mapovu yalipotoweka palikuwa pameenea. Kwa R-134a mapovu huweza kuonekana hata gesi ikiwa imetosha, na anayeyafukuza hujaza kupita kiasi. Kiowevu cha ziada hukalia kondensa, hupunguza nafasi ya kupozea, na shinikizo hupanda. Kutia gesi nyingi ili gari lipoze zaidi huleta joto zaidi.

Gesi ambazo hazifai

Ughali wa gesi huleta vishawishi. Kimojawapo ni gesi ya kupikia, yaani propani na butani. Kwa fizikia tupu hupoza vizuri, na jamaa yake, isobutani, hutumika kwa usalama katika majokofu mengi ya nyumbani. Lakini jokofu lina makumi ya gramu tu, ndani ya kompresa ile iliyochomelewa. Gari lina mamia, ekseli inayovuja, na evapureta iliyo chumba kimoja na abiria na swichi zinazotoa cheche. Gari lililoundwa kwa R-12 lisitiwe gesi inayowaka, awe nani anayeishauri.

Kingine ni gesi bandia. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya melini yalilipuka huko Vietnam na Brazili, na wafanyakazi watatu wakafa. Gesi iliyotiwa kwa jina la R-134a ilikuwa imechanganywa na kloridi ya methili, ile sumu ya zamani ambayo R-12 ilibuniwa kuiondoa. Kloridi ya methili huungana na alumini ya kompresa na kuzaa kiowevu kinachoshika moto chenyewe kinapokutana na hewa. Mtungi wa bei ya ajabu wapaswa kutiliwa shaka, na shinikizo lake lipimwe: mtungi uliopoa hadi nyuzi 20 unapaswa kusoma kilopaskali 470 hivi juu ya hewa ya nje, hapo pwani. Usomaji ulio mbali na hapo wamaanisha kwamba kilichomo si R-134a tupu.

Je, yafaa kubadili?

Kiyoyozi cha R-12 kinachopoza na kisichovuja kiachwe kama kilivyo. Hakimdhuru mtu wala ozoni maadamu gesi imo ndani, na kukifungua bila sababu ni kutafuta uvujaji. Wakati wa kubadili ni pale kinapovuja, au kompresa inapotakiwa kufunguliwa kwa sababu nyingine.

R-134a nayo si mwisho wa safari. Haigusi ozoni, lakini uzito uleule wake huzuia joto la dunia lisitoke mara 1,430 kuliko dioksidi ya kaboni katika kipindi cha miaka 100. Kwa R-12 kadirio ni mara 10,900. Mkutano uliofanyika Kigali, Rwanda, Oktoba 2016 uliiongezea Itifaki ya Montreal marekebisho ya kupunguza gesi za jamii hii hatua kwa hatua, na marekebisho hayo yalianza kutumika 1 Januari 2019. Katika Umoja wa Ulaya magari mapya hayaruhusiwi kujazwa R-134a tangu 2017. Mengi hutumia R-1234yf, ambayo huwaka kidogo na huhitaji vifaa vyake. Mwenye gari la 1988 asishawishike kuirukia. Kwake yeye hatua moja inatosha, ikiwa imefanywa kikamilifu.

Kazi humalizika kwa nozeli na kibandiko. Nozeli za skrubu za zamani huvikwa za R-134a, ambazo zina umbo jingine na vipimo viwili tofauti, ili mpira wa gesi ya zamani usiweze tena kuunganishwa. Kibandiko kipya chini ya boneti huandikwa tarehe, aina ya gesi, gramu zilizotiwa, na jina la oili. Kile cha zamani hupigwa mstari lakini hakibanduliwi, kwa kuwa ndicho chenye kipimo cha awali. Fundi atakayefungua boneti hiyo miaka mitano baadaye aweza kuipima gesi kwa geji. Oili iliyomo ndani ya kompresa hataweza kuitambua kwa macho, na hiyo ndiyo atakayotakiwa kuongeza.